Kiashirio si Dalili: Uhakiki wa Istilahi za Protini za Maji ya Mgongo

Miongoni mwa kazi zinazoifikia meza ya istilahi, zile za tiba ndizo zinazokaa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, na sababu si uvivu wa wahusika. Istilahi ya biashara ikikosewa, mtu hupoteza fedha. Istilahi ya tiba ikikosewa, mtu hutia sahihi pasipo kufahamu anachokubali kutendewa. Makala haya yanakusudia kuyahakiki mapendekezo kadhaa ya Kiswahili katika eneo moja jembamba la utafiti, nalo ni kutafuta, ndani ya maji yanayouzunguka ubongo na ugwe wa mgongo, protini zinazoweza kuutambulisha ugonjwa ambao Wafaransa waliuita ugumu wa mabaka. Mapendekezo yenyewe ni ya wafasiri mbalimbali. Sitawataja, kwa kuwa kinachopimwa hapa ni neno, si mwenye neno.

Huenda msomaji akauliza: je, ugonjwa huo una uzito gani kwetu hata tuusumbukie? Swali hilo ni halali. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka idadi ya wagonjwa duniani kuwa milioni 2.8, na tangu zamani imejulikana kwamba maradhi haya huwapata zaidi watu wa nchi zilizo mbali na ikweta. Afrika Mashariki hutajwa kwa nadra. Lakini kazi ya kuchoma sindano kiunoni na kuchukua maji ya mgongo ni ya kila siku katika hospitali zetu, kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo, na huko Kongo na Uganda imefanywa kwa miongo mingi kwa ajili ya malale pia. Maneno ni yale yale. Aidha, wapo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako ugonjwa huu si mgeni na ambako wagonjwa huombwa maji yao kwa ajili ya utafiti. Karatasi ya idhini wanayosomewa haina budi iwe katika lugha wanayoielewa, na anayeifasiri hutazama upande wetu kutafuta neno.

Nianze na jina la maradhi. Jean-Martin Charcot, aliyekuwa akifundisha katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeutenga ugonjwa huu na magonjwa mengine ya kutetemeka, mwaka 1868. Jina alilolitumia lilitokana na kile kilichoonekana maiti zilipopasuliwa: mabaka yaliyotawanyika, magumu kuliko nyama ya ubongo iliyoyazunguka. Mabaka hayo yalikwisha kuchorwa katika miaka ya 1830 na Robert Carswell na Jean Cruveilhier, ila wakati huo ugonjwa haukuwa bado na jina lake. Waingereza walipoupokea waliyaacha mabaka, wakabaki na ugumu uliotawanyika, na baadaye, katika karne ya 20, ugumu ulio mwingi. Wafasiri wetu, ambao kwa kawaida huanzia Kiingereza, wamerithi upungufu huo. Ndipo tulipopata "ugonjwa wa ugumu mwingi", jina lisilosema ni ugumu wa nini wala uko wapi, na ambalo mwenye choo kigumu angeweza kulidai kuwa ni lake.

Pendekezo la pili ni "kukakamaa kwa mishipa". Neno mshipa limebebeshwa mizigo mingi mno. Ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na watu wa Pwani wakisema fulani ana mshipa huelewa kwamba ana ngiri. Daktari akisikia mishipa iliyokakamaa atafikiri juu ya mishipa ya damu, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa. Hata tukikaza kwa kusema "mishipa ya fahamu", bado kosa linabaki, kwa sababu kinachoshambuliwa si uzi wa neva wenyewe kwanza, bali kifuniko chake. Nyuzi za neva katika ubongo na ugwe zimevikwa mailini, kitu chenye mafuta kinachoharakisha ujumbe. Chembe za kinga, ambazo kazi yake ni kupigana na wageni, huigeukia mailini hiyo; ujumbe ukapungua kasi au ukakatika, na mtu akaona ukungu katika jicho moja, au mguu ukafa ganzi, kisha pengine akapata nafuu na kuugua tena. Kwa kifuniko hicho Kiswahili kina neno ala, la kisu na la upanga, neno ambalo kila mtu analijua na ambalo linaeleza hasa kinachotokea: uzi umevuliwa ala yake. Inashangaza kuona mapendekezo yanayoleta "gamba", "ganda", na hata "shea" iliyotoholewa, hali ala ipo.

Kwa maoni yangu jina linalofaa ni skilerosisi ya mabaka. Neno la kwanza litoholewe, kwa kuwa hutokea katika majina ya maradhi mengine na mtaalamu anahitaji kuliona undugu wake. La pili lirudishwe kutoka kwa Charcot. Nimeambiwa kwamba mabaka humfanya mtu afikirie ngozi. Ni kweli, na katika maandishi ya mgonjwa itabidi tuseme mabaka ya ubongo na ugwe. Lakini siku hizi mgonjwa huyo huonyeshwa picha ya kichwa chake iliyopigwa kwa sumaku, naye huyaona mabaka hayo kwa macho yake, meupe. Neno litakalokubaliana na picha aliyoishika mkononi lina nguvu kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kupita yote, nalo ni jina la tendo lenyewe la kuyachukua maji.

Neno lililoenea ni "kutoboa uti wa mgongo". Lina makosa mawili, na yote mawili yana madhara. Kosa la kwanza ni la elimu ya viungo. Uti wa mgongo, kwa matumizi ya watu wengi, ni mifupa, yaani zile pingili. Kwa matumizi ya wengine ni ule ugwe wa neva uliomo ndani ya mifupa. Sindano haitoboi kimoja wala kingine. Ugwe wa mtu mzima huishia karibu na usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, mahali ambapo pana mizizi ya neva inayoelea katika maji. Heinrich Quincke wa Ujerumani, aliyeieleza njia hiyo mwaka 1891, aliichagua sehemu ya kiuno, na jina la kitaalamu katika lugha za Ulaya huutaja kiuno, wala haliutaji uti. Sisi ndio tuliouingiza uti.

Kosa la pili ni la maana inayomfikia msikilizaji. Kutoboa ni kufanya tundu ambalo hubaki: gunia hutobolewa, mtumbwi hutoboka, sikio hutobolewa likakaa na tundu maisha yote. Mwambie mama kwamba mwanawe atatobolewa uti wa mgongo, naye atakayoyaona mbele yake ni kilema. Watafiti katika nchi kadhaa za Afrika wameandika jinsi wagonjwa na jamaa zao wanavyokataa kipimo hiki kwa hofu ya kupooza au kufa, na homa ya uti wa mgongo isiyopimwa mapema huua. Sidai kwamba hofu yote hiyo imeletwa na neno. Mara nyingi kipimo hufanywa mgonjwa akiwa tayari mahututi, akafa, na watu wakaihesabu sindano kuwa ndiyo iliyomuua. Lakini yafaa tujiulize kwa nini sisi, wenye lugha, tuiongezee hofu hiyo silaha, wakati madhara ya kawaida ya kipimo ni maumivu ya kichwa ya siku chache.

Badala yake wametaja "kunyonya maji" na "kuvuta maji". Haya nayo hayasemi kweli, kwa kuwa maji ya mgongo hayavutwi. Sindano ikifika mahali pake, maji hudondoka yenyewe kwa msukumo wake, tone baada ya tone, na mwuguzi huyapokea katika kichupa. Kwa uhalisi wa tendo hakuna neno linalolishinda kukinga, kama mtu akingavyo maji ya mvua. Nililipenda sana neno hilo mpaka nilipoliweka ndani ya aya nzima. Katika maandishi ambayo kila mstari una kinga, kingamwili na chembe za kinga, kukinga maji kutamfanya msomaji adhani maji yanalindwa na kitu fulani. Kwa hiyo natetea kuteka maji ya kiunoni. Kuteka ni kwa kisima na mto, ni tendo la amani na la kila siku. Maana ile nyingine ya kuteka, ya nyara na vita, haiwezi kujipenyeza pale neno maji linapoandamana nalo.

Kuhusu maji yenyewe sina ugomvi mkubwa. Katika vitabu vya mafunzo litumike ugiligili wa ubongo na ugwe, kwa sababu mwanafunzi anapaswa kujua kwamba ni kitu kimoja kinachozunguka kote kuwili, kiasi cha mililita 150 kwa mtu mzima, na kwamba mwili hutengeneza takriban nusu lita kila siku, hivyo kwamba kilichotekwa hurudishwa baada ya saa chache. Katika chumba cha mgonjwa, maji ya mgongo yatosha. Wapo wanaoona aibu neno la kitaalamu kuwa na ndugu yake wa mitaani. Mimi sioni kwa nini, mradi kila moja lijue baraza yake.

Protini limekwisha kukaa katika lugha na halina haja ya mbadala. Hata hivyo mfasiri na akumbuke kwamba kwa miaka mingi neno hili limefundishwa shuleni na kliniki ya watoto pamoja na maharage, mayai na dagaa. Mgonjwa akiambiwa kwamba katika maji yake zimeonekana protini ambazo hazikutakiwa kuwapo, anaweza kwenda nyumbani na kuacha maharage. Sentensi moja ya kueleza kwamba mwili hujitengenezea protini zake, maelfu ya aina, itamwondolea shida hiyo. Aelezwe pia kwamba maji ya mgongo ni maskini wa protini: lita moja ya majimaji ya damu ina gramu 70 hivi, lakini lita ya ugiligili huu haifikishi hata nusu gramu, na sehemu kubwa ya hiyo imechujwa kutoka katika damu. Ugumu wote wa utafiti umo humo. Mtafutaji anatafuta kichache ndani ya kichache, na wingi uliopo ni albumini, ambayo hutengenezwa na ini na haina habari za ubongo.

Albumini hiyo hiyo, hata hivyo, ina kazi. Kwa kuwa haitengenezwi ubongoni, kiasi chake katika maji ya mgongo, kikilinganishwa na kile cha damu, huonyesha jinsi kizuizi kati ya damu na ubongo kinavyovuja. Kingamwili zikizidi kupita kiwango kinachoelezwa na mvujo huo, basi kuna kiwanda cha kingamwili ndani ya nyumba yenyewe. Mwaka 1942 Elvin Kabat na wenzake huko New York, wakitumia njia ya umeme iliyobuniwa na Arne Tiselius wa Sweden, walipima protini za maji ya mgongo zikitengana kwa mwendo wake katika umeme, na kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kuiona ziada ya gamaglobulini kwa wagonjwa wa skilerosisi ya mabaka. Mbinu zilipoboreshwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kile kilichoonekana kama wingu kilitengana na kuwa mistari dhahiri.

Mistari hiyo ndiyo iliyozaa, kwa Kiswahili, pendekezo ambalo sijui lilivumiliwaje: "bendi za oligokloni". Kwa Mtanzania, bendi ni muziki wa dansi, na neno la pili halimfungulii mlango wowote. Nalikataa lote. Anayeitazama karatasi ya kipimo huona mistari ya giza juu ya weupe, sambamba, mmoja chini ya mwingine. Tunaye mnyama mwenye sura hiyo na jina lake tunalo. Nayo ni milia. Kuhusu oligokloni, maana yake ni kwamba kingamwili hizo zimetoka kwa uzao wa chembe chache tu, kila uzao ukiwa umetoka kwa mzazi mmoja. Katika damu ya mtu mzima wa afya, kingamwili hutoka kwa koo zisizohesabika, nazo zikitembezwa katika umeme huenea kama vumbi bila mstari. Katika maji ya mgongo ya mgonjwa, koo chache zimeongezeka kupita kiasi, na kila ukoo umepiga mstari wake. Kwa hiyo napendekeza milia ya koo chache. Ni jina refu, nakubali. Lakini mwalimu akilitamka darasani amekwisha kufundisha nusu ya somo, na mwanafunzi akiulizwa kwa nini sampuli ya damu lazima itembezwe sambamba na ya mgongo, atajibu mwenyewe: ili kujua kama koo hizo ni wenyeji wa ubongo au wageni waliotoka damuni. Milia ya kuhesabiwa ni ile iliyopo mgongoni na isiyokuwapo katika damu, isipungue miwili.

Nimefika kwenye neno lililonifanya niandike. Kitu kinachopimika mwilini, ambacho uwepo wake au kiasi chake hutoa habari juu ya afya, ugonjwa au itikio la dawa, tukiite nini? Nimekuta "dalili ya kibayolojia", "alama ya kibayolojia", "kiashiria", na "bayomaka". La mwisho nalitaja kwa heshima tu; msomaji wa Unguja au Mombasa akiona maka atafikiri juu ya Hija. Alama ni neno zuri, lakini ni la kitu kilichotiwa na kinachodumu: alama ya kuzaliwa, alama ya mpaka, alama za mtihani. Kitu tunachokitafuta hupanda na kushuka.

Dalili ndilo neno la hatari. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa wahenga ilitosha, maana walihitaji kujua kama waanike nafaka au wasianike. Katika tiba, dalili ni kile ambacho mgonjwa anakihisi au daktari anakiona: ganzi, ukungu wa jicho, kupepesuka. Tukiiita protini ya mgongo dalili, tunamwambia mgonjwa kwamba kile kilichoonekana katika mashine ni ugonjwa wenyewe unaojionyesha. Tunaukata ule umbali kati ya namba na mtu, ambao watafiti hutumia miaka mingi kuuvuka, na mara nyingi hushindwa.

Mfano upo, na ni vyema ukajulikana na kila mfasiri wa tiba. Sistatini C ni protini ndogo iliyomo katika maji ya mgongo ya kila mtu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba katika maji ya wagonjwa wengi wa skilerosisi ya mabaka wameona kipande cha protini hiyo kilichopungukiwa na asidi amino nane, na kwamba kipande hicho huenda kikatumika kuutambua ugonjwa. Habari ilikuwa ya kufurahisha. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Geneva walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba sistatini C hukatika hivyo hivyo yenyewe, mtu akiyahifadhi maji ya mgongo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri badala ya 80. Mwaka 2007 wengine walirudia kazi, wakakuta kwamba kipande kinafuata jinsi sampuli ilivyohifadhiwa, hakifuati maradhi. Kilichokuwa kimegunduliwa ni habari za jokofu.

Hebu sasa tuifasiri habari ile ya mwaka 2006 kwa maneno tuliyo nayo. Aliyeandika "dalili mpya ya ugonjwa yagunduliwa" amewadanganya wasomaji wake, pasipo kukusudia, wala hana njia ya kurudi mwaka 2007 na kusema kwamba dalili ilikuwa ni ya jokofu. Aliyeandika "kiashirio tarajiwa" amesalimika. Ndiyo sababu nashikilia kwamba istilahi hii ihitaji ngazi zake: kiashirio tarajiwa, ambacho kimeonekana mara moja na kundi moja, na kiashirio kilichothibitishwa, ambacho kimerudiwa na wengine, kwa wagonjwa wengine, kwa mashine nyingine. Mchumba si mke. Kwa kuwa mashine za kupima uzito wa molekuli zinaweza leo kuorodhesha protini mamia kwa maelfu katika sampuli moja, wachumba hawatakwisha.

Kuhusu umbo la neno, wengi wameandika "kiashiria", na wapangaji wa maendeleo wamelizoea katika viashiria vya umaskini na kadhalika. Hao sitawafuata ofisini kwao. Lakini kanuni ya uundaji iko wazi. Nomino ya ki- inayoishia kwa -a hudai kijalizo nyuma yake: kipimajoto, kifunguakinywa, kipazasauti. Ikitaka kusimama peke yake huishia kwa -o: kipimo, kizibo, kifuniko. Kiashiria bila kitu kinachoashiriwa ni kama kipazasauti kilichopotewa na sauti. Kiashirio husimama chenyewe, na pale inapobidi huongezewa: kiashirio cha protini, kiashirio cha uharibifu, kiashirio cha itikio.

Maneno mawili yanayokipima kiashirio yamefasiriwa vibaya kuliko yote niliyoyaona. La kwanza ni uwezo wa kipimo kuwapata wagonjwa walio wagonjwa kweli. La pili ni uwezo wake wa kuwaacha wasio wagonjwa. Kwa la kwanza limeletwa "unyeti", na kila aliyepata kusikia habari za sehemu nyeti atajua kwa nini darasa litacheka. Kwa la pili limeletwa "ubaguzi", ambalo lina historia yake barani humu. Napendekeza unasaji na upambanuzi. Wavu wenye matundu madogo hunasa sana lakini haupambanui dagaa na takataka. Milia ya koo chache ina unasaji mkubwa, kwani katika nchi za Ulaya ya kaskazini huonekana kwa wagonjwa zaidi ya tisa katika kila kumi. Upambanuzi wake ni mdogo zaidi, maana milia ya namna hiyo hutokea pia katika kaswende iliyoingia ubongoni, katika uharibifu wa ubongo unaofuata surua baada ya miaka, na hata katika malale. Daktari wa Kongo akiiona milia hatakimbilia skilerosisi. Kwa hiyo ule mwongozo wa kimataifa uitwao kwa jina la McDonald, uliporekebishwa mwaka 2017, uliiruhusu milia isimame mahali pa ushahidi wa kupita kwa wakati, kwa mtu ambaye ameshambuliwa mara moja tu na ambaye picha zake zimekwisha kuonyesha mabaka mahali zaidi ya pamoja. Haukuiruhusu itoe hukumu peke yake.

Kuna jingine la kupitia haraka. Nyuzi za neva zikikatika humwaga protini ya mifupa yao ya ndani, nurofilamenti, ambayo kipande chake chepesi sasa hupimwa hata katika damu, kwa kiasi kidogo mno. Kwa kuwa neno la Kiingereza la wepesi ni lile lile la mwanga, mfasiri mwenye haraka ataandika "mnyororo wa mwanga", na mgonjwa atajiuliza taa imeingiaje. Ni mnyororo mwepesi. Mwenzake ni mzito. Protini hiyo hupanda katika kila uharibifu wa neva, kwa kiharusi, kwa kupigwa kichwani, kwa uzee, hivyo iitwe kiashirio cha uharibifu. Kuiita kiashirio cha skilerosisi ni kuuona moshi na kutaja jina la mwenye nyumba. Minyororo myepesi ya aina ya kapa, ambayo ni vipande vya kingamwili wala haina uhusiano na nurofilamenti, iliingizwa katika marekebisho ya mwongozo wa McDonald yaliyochapishwa mwaka 2025. Mfasiri asiichanganye kwa sababu tu zote zimeitwa nyepesi.

Limebaki jambo la lebo. Watafiti walikubaliana mwaka 2009 juu ya taratibu za kuteka na kuhifadhi: vichupa vya polipropilini ambavyo protini hazinati sana, sampuli izungushwe katika mashine ya kutenganisha chembe kabla ya saa mbili kupita, kisha igandishwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Hifadhi hiyo tuiite benki ya sampuli, kwa kufuata benki ya damu ambayo watu wameizoea. Sioni haja ya "ghala", ambalo lina mahindi. Lakini fomu ya Kiswahili ina tatizo ambalo fomu ya Kiingereza haina. Mwuguzi akiandika "saa 4" kwenye kichupa, je, ni saa nne ya asubuhi kwa hesabu yetu, au ni saa kumi ya alasiri kwa hesabu ya mashine? Tofauti ni saa sita, na protini zinazokatika hazitangoji tuamue. Orodha ya istilahi za maabara, kwa hiyo, haina budi iwe na kanuni ya uandishi wa saa: tarakimu nne za saa ishirini na nne, na chini yake, kwa maneno, saa ya Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana, alasiri au usiku. Muda wa kuteka na muda wa kugandisha uandikwe wote kwa namna hiyo moja, na nafasi ya kuuandika iachwe kubwa.